Kuchunguza nyenzo-nano mseto kwa hadubini na spektroskopia ya eksirei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watafiti wa Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa uzamili na uzamivu, walimu wa kemia na fizikia, na mafundi wa maabara wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani huyarudia kila wanapofikiria kupeleka sampuli zao kwenye vyanzo vikubwa vya eksirei. Mfano unaotumika mara nyingi hapa ni kichujio cha floraidi, kwa sababu visima vingi vya Kanda ya Kati vina madini hayo kupita kiasi, na kwa sababu kichujio kizuri cha floraidi karibu kila mara ni nyenzo mseto.

Nyenzo-nano mseto ni nini hasa?

Nyenzo huitwa ya nano pale ambapo angalau kipimo chake kimoja, kiwe urefu, upana au unene, hakizidi takriban nanomita 100. Huitwa mseto pale ambapo vitu viwili au zaidi vya asili tofauti vimeunganishwa katika kiwango hicho kidogo, kiasi kwamba kimoja hubadilisha tabia ya kingine. Chembe za oksidi ya chuma zilizooteshwa juu ya makaa ya maganda ya alizeti ni mseto, na vivyo hivyo titani dioksidi iliyokaa juu ya karatasi za grafini oksidi, au neli-nano za kaboni zilizofungwa ndani ya polima. Mfupa wa ng'ombe nao ni mseto wa asili, kwa kuwa umejengwa kwa vipande vya kalsiamu fosfeti vyenye unene wa nanomita chache vilivyopangwa ndani ya nyuzi za protini. Kuchanganya unga wa aina mbili kwa mwiko hakuzai mseto. Lazima pawepo mpaka ambapo vitu hivyo viwili vinagusana na kushikana, na kwa kawaida siri ya utendaji wa nyenzo hiyo imo kwenye mpaka huo.

Tayari ninatumia difraksheni ya eksirei, infraredi na hadubini ya elektroni. Kwa nini nihitaji kitu kingine?

Huenda usihitaji, na ni vizuri swali hili liulizwe mapema kabla ya mtu kupoteza mwaka mzima akiandika maombi. Difraksheni itakuambia ni fuwele gani zimo na, kwa kukadiria, zina ukubwa gani, lakini itanyamaza kuhusu sehemu isiyo na mpangilio wa fuwele, na nyenzo nyingi za kuchuja maji hufanya kazi kwa sehemu hiyo hiyo. Infraredi itakuonyesha vifungo vya kikemia, ila ni wastani wa sampuli nzima. Hadubini ya elektroni itakupa picha kali mno, hata chini ya nanomita moja, na kifaa chake cha kupimia elementi kitakutajia chuma kiko wapi na kaboni iko wapi. Hata hivyo kifaa hicho hakitakuambia kwa urahisi kama chuma hicho kina namba ya oksidisho ya 2 au ya 3, wala kama kaboni iliyo jirani yake imebaki kama ilivyokuwa au imepata kundi jipya la oksijeni.

Hadubini ya eksirei iliyounganishwa na spektroskopia hujibu maswali mawili kwa pamoja, yaani kitu kiko wapi na kiko katika hali gani ya kikemia, ndani ya eneo dogo la makumi ya nanomita. Ikiwa swali lako si hilo, vifaa ulivyo navyo vinatosha. Kwa maoni yangu, zaidi ya nusu ya mawazo ya utafiti yanayoletwa kwa jina la mbinu hii yangeweza kumalizwa kwa difraksheni nzuri na kwa subira kwenye mizani.

Eksirei hutofautishaje elementi moja na nyingine?

Kila atomi ina elektroni za ndani zilizoshikwa kwa nguvu maalumu, na nguvu hiyo hutofautiana kutoka elementi moja hadi nyingine. Nishati ya eksirei ikiwa ndogo kuliko nguvu hiyo, elektroni ya ndani haing'oki na mwali hupita kwa kiasi kikubwa. Nishati ikifika kiwango kinachohitajika, ufyonzaji huruka ghafla juu. Ruko hilo huitwa kizingiti cha ufyonzaji, na kila elementi ina vizingiti vyake. Kwa elektronivolti, yaani kipimo cha nishati kinachotumika hapa, cha kaboni kiko karibu na 284, cha nitrojeni karibu na 410, cha oksijeni karibu na 543, cha florini karibu na 697, cha alumini karibu na 1,560, na kile cha ndani kabisa cha chuma kiko karibu na 7,112. Wilhelm Röntgen aligundua miale hii mwaka 1895, na mwaka 1913 Henry Moseley alionyesha kwamba nishati za eksirei zinazotolewa na elementi hufuata namba ya atomi kwa utaratibu usioyumba. Utambuzi wa elementi tunaoufanya leo umejengwa juu ya utaratibu huo.

Kwa hiyo mtafiti hupiga picha ya sampuli mara mbili, kwanza kwa nishati iliyo chini kidogo ya kizingiti na kisha kwa nishati iliyo juu kidogo yake. Mahali ambapo picha mbili zinatofautiana ndipo elementi hiyo ilipo.

Spektra inaniambia nini zaidi ya jina la elementi?

Spektra ni mchoro wa ufyonzaji dhidi ya nishati, na umbo la ruko lenyewe ndilo lenye habari nyingi. Katika elektronivolti chache za mwanzo baada ya kizingiti, elektroni iliyong'olewa huingia kwenye nafasi tupu za atomi na za jirani zake, na nafasi hizo hutegemea vifungo vilivyopo. Kaboni ni mfano mzuri. Kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni, kama kile cha grafini na neli-nano, hutoa kilele kikali karibu na elektronivolti 285. Kundi la kaboksili hutoa kilele karibu na 288.5, kaboneti hujitokeza karibu na 290.3. Mtu aliyeosha neli-nano zake kwa asidi ya naitriki ili kuzipa makundi ya oksijeni anaweza kuona kama kilele cha 288.5 kimeongezeka, kimeongezeka katika sehemu gani ya neli, na kama kimepungua tena baada ya chembe za chuma kushikamana hapo. Kilele kikipungua au kikihama hasa pale chembe zilipokaa, ni dalili nzuri kwamba kuna kifungo cha kikemia na si mgusano wa bahati tu.

Chuma nacho hujieleza. Katika vizingiti vyake vya nishati ya chini, kuanzia karibu na elektronivolti 707, kilele kikuu cha chuma chenye namba ya oksidisho ya 3 husogea juu kwa takriban elektronivolti 1.5 hadi 2 kikilinganishwa na cha namba ya 2. Tofauti hiyo ni kubwa vya kutosha kwa kifaa kizuri, ambacho hutenganisha nishati kwa sehemu ya kumi ya elektronivolti au chini ya hapo.

Mbali zaidi baada ya kizingiti, makumi hadi mamia ya elektronivolti, spektra huwa na mawimbi madogo yanayotokana na elektroni kugonga atomi jirani na kurudi. Mawimbi hayo yakichambuliwa hutoa umbali wa atomi jirani na idadi yake, hata kama nyenzo haina fuwele kabisa. Hapa difraksheni haina la kusema, na hapa ndipo oksidi za chuma zisizo na mpangilio, ambazo hushika floraidi na aseniki, hupata kueleweka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa neli-nano hulipenda. Eksirei za sinkrotroni, yaani mashine kubwa ya pete inayoelezwa mbele, zina mwelekeo maalumu wa mtikisiko, na kilele cha 285 hukua au hupungua kulingana na namna karatasi ya kaboni ilivyoelekea. Ukizungusha sampuli, au ukibadilisha mwelekeo wa mtikisiko, unajua kama neli zimelala kwa mpangilio au zimesokotana.

Hadubini yenyewe hufanyaje kazi, ilhali lenzi ya kioo haikunji eksirei?

Aina inayotumika sana kwa nyenzo mseto hutumia bamba la Fresnel, yaani kisahani chenye duara nyingi zilizo ndani ya nyingine, ambazo huwa nyembamba zaidi kuelekea ukingoni. Duara hizo hupotosha mawimbi ya eksirei kiasi kwamba yanakutana kwenye nukta moja. Ukubwa wa nukta hiyo ni takriban mara 1.22 ya upana wa duara la mwisho kabisa. Duara la mwisho likiwa na upana wa nanomita 25, nukta itakuwa na kiasi cha nanomita 30. Sampuli husogezwa hatua kwa hatua mbele ya nukta hiyo, na kipokezi kilicho nyuma huhesabu mwali uliobaki katika kila hatua. Picha ikikamilika, nishati hubadilishwa kidogo na picha nyingine huchukuliwa. Mwishowe unakuwa na rundo la picha, pengine mia moja au zaidi, na kila nukta ya picha ina spektra yake kamili.

Ipo pia njia iitwayo taikografia, ambapo mwali hupita kwenye maeneo yanayopishana na kompyuta huijenga picha kutokana na namna mwali ulivyotawanyika. Njia hiyo imeshuka chini ya nanomita 10 kwa sampuli zinazofaa. Inahitaji mwali wenye utaratibu mkubwa wa mawimbi na kazi nyingi ya kompyuta, kwa hiyo si mahali pa kuanzia.

Ninatengeneza kichujio cha floraidi. Je, nitaiona floraidi ikiwa imekaa wapi?

Ndiyo, lakini jibu linategemea kichujio chako kimetengenezwa kwa nini, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania ilivumilia miligramu 4 kwa miaka mingi, kwa kuwa vyanzo vya maeneo ya Bonde la Ufa vingefungwa vingi mno, kisha ikashuka hadi 1.5. Kwa hiyo visima ambavyo zamani vilihesabiwa kuwa salama sasa vinahitaji kuchujwa, na watafiti wengi wamerudi kwenye makaa ya mifupa, udongo wa mfinyanzi, oksidi za alumini na oksidi za chuma.

Katika makaa ya mifupa, kitu kinachofanya kazi ni hidroksiapataiti, yaani ile kalsiamu fosfeti ya mfupa, ambayo ni aina ya apataiti. Maelezo ya kawaida ni kwamba floraidi huchukua nafasi ya kundi la hidroksidi ndani ya fuwele. Floraidi ikiwa nyingi, hata hivyo, kalsiamu floraidi inaweza kujijenga kama tabaka jipya juu ya uso, na hilo ni jambo tofauti kabisa: tabaka hilo linaweza kuziba vitundu, na tabia yake wakati wa kukisafisha kichujio ili kitumike tena si ile ya apataiti. Kipimo cha maji yanayoingia na yanayotoka hakiwezi kutofautisha hali hizi mbili. Spektra ya kizingiti cha florini na ile ya kalsiamu, ambayo iko karibu na elektronivolti 346 hadi 350, zinaweza, mradi umepima pia sampuli za rejea za kalsiamu floraidi safi na floroapataiti safi. Bahati nzuri ni kwamba katika apataiti hakuna elementi nyingine kuu inayovuruga kizingiti cha florini.

Kichujio cha oksidi ya chuma ni habari nyingine. Kizingiti cha florini na cha chuma vimekaribiana mno, kwa umbali wa takriban elektronivolti kumi. Kabla ufyonzaji wa florini haujatulia, chuma kinaanza kuruka, na kwa kuwa chuma katika sampuli hiyo ni kingi kuliko floraidi, ishara ya floraidi humezwa. Bado unaweza kutumia dirisha jembamba lililopo kati ya vizingiti hivyo viwili, ukawa na rejea nzuri za chuma kisicho na floraidi, lakini usimwahidi msimamizi wako ramani safi. Ningemshauri mwanafunzi anayeanza achague alumini au apataiti kwa sehemu ya ramani ya florini, na chuma akichunguze kwenye kizingiti chake cha 7,112, ambako kinasimama peke yake.

Na jambo moja la kukumbuka wakati wa kupanga: floraidi iliyofyonzwa kutoka kwenye maji halisi ya kisima ni kidogo sana ndani ya uzito wa kichujio. Wengi huandaa sampuli mbili, moja iliyoloweshwa kwenye myeyusho wenye floraidi nyingi kwa ajili ya kupata ishara, na nyingine iliyotumika kwenye maji ya kisima kwa ajili ya ukweli. Ripoti iseme wazi ipi ni ipi, kwa sababu, kama ilivyoelezwa, floraidi nyingi inaweza kuzaa tabaka ambalo maji ya kawaida hayalizai.

Nichague eksirei laini au ngumu?

Eksirei laini, kwa maana ya zile za chini ya takriban elektronivolti 2,000, huona kaboni, nitrojeni, oksijeni na florini vizuri, lakini hufyonzwa haraka, hata na hewa, kwa hiyo kazi hufanyika ndani ya ombwe au heliamu na sampuli lazima iwe nyembamba. Eksirei ngumu hupenya mikromita nyingi, huona metali kwa urahisi, huruhusu sampuli nene au iliyo kazini, lakini kaboni kwao ni kama haipo. Mseto wenye metali na kaboni mara nyingi huhitaji zote mbili, kwa zamu.

Sampuli iandaliwe vipi?

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na huharibika nyumbani, si ughaibuni. Kwa kazi ya kaboni, unene unaofaa ni wa nanomita 100 hivi. Ukiwa mkubwa zaidi, mwali wote hufyonzwa kwenye kilele na spektra hujaa, yaani vilele hupunguka urefu kwa uongo na mtu hudhani kemia imebadilika. Kipimo cha kutazama ni logi asilia ya mwali unaoingia ukigawanywa kwa mwali unaotoka. Kikikaa karibu na 1 juu ya kilele, umepata unene mzuri, na kikipita 2 uanze kuwa na shaka.

Kwa unga wa nano, njia rahisi ni kuutawanya kwenye ethanoli au maji safi kwa mawimbi ya sauti, kisha kuweka tone dogo kwenye dirisha la silikoni nitraidi lenye unene wa nanomita 50 hadi 100, au kwenye gridi ileile inayotumika kwa hadubini ya elektroni. Gridi yenye utando wa kaboni haifai ikiwa unachunguza kaboni. Utakuwa unapima utando. Chembe za makaa ya mifupa au ya maganda ya karanga ni kubwa mno kwa njia hii, na kuzisaga sana hubadilisha uso wake, kwa hiyo hupachikwa kwenye resini na kukatwa vipande vyembamba kwa kisu cha almasi. Resini nyingi zina kaboni na oksijeni. Wengine hutumia salfa iliyoyeyushwa badala ya resini ili kukwepa tatizo hilo.

Kisha kuna vumbi letu. Miezi ya kiangazi, upepo wa Dodoma hubeba vumbi jekundu, na wekundu huo ni oksidi za chuma zilizoambatana na madini ya udongo yenye alumini na silikoni, yaani elementi zilezile ambazo watafiti wa vichujio wanazitafuta. Sampuli iliyokaushwa juu ya meza iliyo karibu na dirisha lililo wazi itakuwa na chuma ambacho hukukitengeneza, na hadubini itakionyesha kwa uaminifu mkubwa. Kausha ndani ya desiketa iliyofunikwa, tumia vyombo vilivyooshwa kwa asidi, na andaa dirisha moja tupu ambalo limepitia hatua zote bila unga. Dirisha hilo tupu lisafiri pamoja na sampuli na lipimwe pia.

Je, sampuli yenye maji inaweza kuchunguzwa?

Inaweza. Kati ya elektronivolti 284 na 543 maji hupitisha eksirei kwa kiasi kizuri huku kaboni ikizifyonza, na ndiyo sababu nyenzo za kaboni ndani ya maji huonekana vyema katika eneo hilo. Tone hufungiwa kati ya madirisha mawili ya silikoni nitraidi. Juu ya 543 oksijeni ya maji yenyewe huanza kufyonza, kwa hiyo kwenye kizingiti cha florini tabaka la maji lisizidi takriban mikromita moja, jambo ambalo ni gumu kulitimiza bila mazoezi.

Mwali hauharibu nyenzo?

Huharibu, hasa sehemu ya kikaboni. Makundi ya kaboksili huweza kuvunjika, polima hupoteza oksijeni, na metali iliyo na namba ya juu ya oksidisho hushuka mbele ya macho yako. Titani dioksidi na apataiti ni vumilivu zaidi kuliko polima. Kwa wale wanaofanyia kazi seli za jua za perovskaiti, ambazo nazo ni mseto wa kikaboni na kiisokaboni, tahadhari iwe maradufu, kwani nyenzo hizo huharibiwa na mwali na vilevile na unyevu.

Kanuni ya kazi ni kupiga picha ya mwanzo na ya mwisho kwa nishati ileile, kisha kuzitoa moja kwenye nyingine. Kama kuna mraba unaoonekana pale mwali ulipopita, spektra za katikati zina shaka. Wakati mwingine mraba huo ni kaboni iliyojijenga juu kutokana na mvuke wa mafuta uliomo ndani ya chumba. Hilo si kosa la sampuli, lakini kwa anayechunguza kaboni matokeo ni yaleyale.

Sampuli itarudi ikiwa na mionzi?

Hapana. Eksirei za nishati hizi hugusa elektroni na haziwezi kuifanya nyenzo kuwa na mionzi. Kama madini yako ya asili yana urani au toriamu, hilo ni suala la tangu mwanzo, na linahusu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hatari iliyo karibu zaidi na wewe ni kuvuta unga mkavu wa nano puani wakati wa kuupima.

Mashine ya eksirei ya hospitali haiwezi kutumika?

Haiwezi. Hutoa nishati nyingi kwa mkupuo mmoja na haina namna ya kuchagua moja kwa ufinyu unaohitajika, na picha yake huona sehemu za milimita.

Sinkrotroni ni nini, na ya karibu iko wapi?

Ni pete ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na kila zinapopindishwa na sumaku hutoa eksirei kali ambazo nishati yake inaweza kuchaguliwa. Afrika ndiyo bara pekee lenye watu lisilo na mashine ya aina hiyo, ingawa upo mpango wa muda mrefu wa wanasayansi wa kuipatia moja, na mkutano wake wa kwanza ulifanyika Grenoble, Ufaransa, mwaka 2015.

Iliyo jirani kwetu ni SESAME, iliyoko Allan nchini Yordani. Ilizinduliwa Mei 2017, ina pete yenye mzingo wa takriban mita 133, elektroni zake hufikia nishati ya gigaelektronivolti 2.5, na tangu 2019 hutumia umeme wa jua kutoka kwenye mtambo wake yenyewe. Ina kituo cha spektroskopia ya ufyonzaji kinachofaa kwa chuma na metali nyingine, na baadaye ziliongezwa huduma za eksirei laini na za tomografia. Kwa ramani za kaboni zenye ukali wa makumi ya nanomita, watu huelekea kwenye vituo vyenye hadubini ya aina iliyoelezwa hapo juu, kama vile vya Berkeley nchini Marekani, Saskatoon nchini Kanada, Berlin nchini Ujerumani, Lund nchini Uswidi, au Diamond nchini Uingereza.

Ni gharama kiasi gani, na ninaombaje?

Kwa utafiti wa kitaaluma ambao matokeo yake yatachapishwa, muda wa mwali kwa kawaida haulipiwi. Unaandika pendekezo la kurasa chache, jopo la wanasayansi hulipima kwa ubora wake, na ukikubaliwa unapewa zamu, mara nyingi za saa nane nane. Vituo vingi hupokea maombi mara mbili kwa mwaka. Kinacholipiwa ni nauli, viza na malazi. Uko mpango uitwao LAAAMP unaozisaidia nchi zinazoendelea kwa kugharamia timu ndogo za mwalimu na mwanafunzi kwenda kujifunza kwenye vituo hivi. Tangu janga la Uviko vituo vingi pia huruhusu sampuli kutumwa na mtafiti kufuatilia kazi kwa mtandao, jambo linalotufaa, ingawa kwa mara ya kwanza napendelea mtu aende mwenyewe.

Pendekezo hufa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: mwombaji anaeleza umuhimu wa maji safi kwa kurasa mbili na hatamki ni kilele kipi anatarajia kukiona na kikikosekana itamaanisha nini. Wapimaji wanajua kwamba maji ni muhimu. Waambie una madirisha mangapi, unene gani, vizingiti vipi, na spektra gani ya rejea utaipima kwanza.

Nifanye nini hapa Dodoma kabla ya kuomba?

Mengi. Fluoreseni ya eksirei ya aina inayotumika kwenye maabara za madini itakupa jumla ya elementi, isipokuwa zile nyepesi kama kaboni, na florini kwa shida. Difraksheni itakuthibitishia fuwele. Elektrodi ya floraidi, ambayo maabara nyingi za maji zinayo, itakupa mkunjo wa ufyonzaji dhidi ya muda na dhidi ya asidi ya maji. Eneo la uso kwa gramu litakueleza kama vitundu viko wazi. Ukipata nafasi ya spektroskopia ya fotoelektroni popote, itumie: chanzo chake cha alumini hutoa elektronivolti 1,486.6, haihitaji sinkrotroni, na huona tabaka la juu la nanomita kama kumi hivi, ambalo mara nyingi ndilo tabaka lenye habari.

Hoja si kujaza jedwali la vifaa. Unataka kufika mahali ambapo maelezo mawili yanayopingana yote yanaafiki data uliyo nayo, na ni ramani ya kikemia tu inayoweza kuyatenganisha. Hapo pendekezo linajiandika.

Nikirudi na data, nitaichambuaje kwa kompyuta ya kawaida?

Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inatosha kwa kazi nyingi za kawaida. Programu za bure zipo: Athena kwa spektra za ufyonzaji, MANTiS na aXis2000 kwa marundo ya picha. Hatua ya kwanza ni kupanga picha zikae sawasawa, kwa sababu sampuli husogea nanomita kadhaa kila nishati inapobadilika. Ya pili ni kugawa kwa mwali wa mahali patupu. Baada ya hapo unaweza kulinganisha kila nukta na mchanganyiko wa spektra za rejea, au kuiacha programu itafute yenyewe makundi ya nukta zinazofanana. Njia ya pili huvutia, nayo hutoa rangi nzuri za kuweka kwenye tasnifu. Lakini kundi lililopatikana kwa hesabu si lazima liwe kemikali. Linaweza kuwa unene tofauti, au ukingo wa chembe ambao haukupangwa vizuri. Kila kundi lirudishwe kwenye spektra yake ghafi na liangaliwe kwa macho.

Panga muda wa uchambuzi kuwa mrefu mara nyingi kuliko muda wa mwali. Siku tatu za kupima zinaweza kuzaa kazi ya muhula mzima.

Data ni mali ya nani?

Inategemea kituo. Kituo cha sinkrotroni cha Grenoble, kwa mfano, humwachia mtafiti data kwa miaka mitatu, kisha huifungua kwa umma. Soma sera kabla ya kupima, hasa kama sampuli imetoka kwenye mradi wenye mbia wa kibiashara au wenye nia ya kuomba hataza, na wakubaliane wote kwa maandishi, akiwemo mwanafunzi aliyekesha kwenye zamu ya usiku, nani atakuwa mwandishi wa makala na kwa mpangilio gani. Nakala ya data ghafi ibaki pia chuoni Dodoma, kwenye diski mbili zilizohifadhiwa mahali tofauti, pamoja na daftari lenye namba za sampuli, tarehe zilipotengenezwa na maji ya kisima kipi yalitumika. Rundo la picha lisilojulikana ni la kisima gani haliwezi kurejewa na mtu atakayekuja baada yako.